Zainabu Aliniita Mara Tatu

Nawaomba msinicheke kabla sijamaliza, maana hata mimi mwenyewe nikikumbuka siku ile najifunika uso kwa mtandio, na ninawasimulia kwa sababu tu aibu yenyewe imeshazeeka.

Kwanza niseme wazi kwamba kwa chenga mimi nilikuwa hatari. Mpira wa magongo niliujulia uchochoroni kwetu Mji wa Kale, na uchochoro wetu ukinyoosha mikono miwili unagusa nyumba za pande zote, sasa hapo pasi utampa nani, ukipiga tu mpira umeshaingia kwa jirani umemwaga uji wa watu. Kwa hiyo nilikuwa naugandisha mpira kwenye gongo, nawapita wazee barazani, nampita paka, naipita tuktuk (iliyosimama, lakini naipita). Kocha wetu alisema mpaka akachoka kwamba pasi ndiyo mchezo wenyewe, nami naitika ndiyo kocha, moyoni nasema pasi ni za wasiojua chenga.

Ikaja mechi ya kuchagua timu ya vijana ya kaunti, pale uwanjani Tononoka. Nafasi ile niliitaka kuliko nguo ya Idi. Nikafanya jambo dogo tu: nikamwahidi shangazi Rukia bao. Shangazi ndiye aliyenilea, na magongo hayajui hata kidogo, lakini alikuja na akina mama wa mtaa mzima, na chupa za chai, na bakuli la kaimati.

Dakika za mwisho, hakuna aliyefunga, nikaupata mpira katikati. Nikampita wa kwanza, nikampita wa pili, wa tatu akakaa chini kabisa (haki ya Mungu, alikaa). Kulia kwangu, ndani ya duara la kufungia, Zainabu, jirani yangu na rafiki yangu, amesimama peke yake na lango lote liko wazi mbele yake, ananiita. Nikamwona. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, nami nikafikiria ahadi ya shangazi, nikapiga mwenyewe. Kipa hata hakujisumbua kunyoosha mguu, nikadhani nimemtia woga. Wavu ukatikisika.

Nikatupa gongo, nikakimbia moja kwa moja kwa shangazi, nikamkumbatia, chai ikamwagika, kaimati zikaviringika kwenye vumbi, vigelegele vikapaa. Ila refa hakuonyesha bao. Kila mchezaji wa magongo anajua kwamba bao halihesabiwi mpaka mshambuliaji auguse mpira ndani ya duara, na mimi nilipiga nikiwa hatua moja nje. Wapinzani walikuwa wameshaanza upya, wakapita palepale nilipotakiwa kuwa, Zainabu anawafukuza peke yake uwanja mzima, nami niko kifuani kwa shangazi nalitafuta gongo langu kwa macho, wakafunga. Akina mama kuona wavu umetikisika tena wakapiga vigelegele vingine, virefu kuliko vya kwanza, na shangazi akaniombea Mungu anizidishie.

Mechi ilipokwisha, mchaguzi, bwana mmoja mpole, aliniita kando akaniuliza kama nilimwona mwenzangu. Nikasema nilimwona (uongo sikufundishwa).

"Basi, mwanangu," akasema. "Usingemwona, ningekufundisha kuinua kichwa. Lakini umemwona."

Jina la Zainabu lilisomwa, langu halikusomwa.

Hilo ningelimeza. Lililonimaliza ni la njiani tukirudi, tulipokaribia Ngome ya Yesu, shangazi akasimama.

"Yule mwenzio kakwita mara tatu, hata mimi nilimsikia. Kwani kwetu mtu akiitwa haitiki?"

Kwetu mtoto wa kike akiitwa, hata kama yuko jikoni na mafuta yanachemka, huitika abee, ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa. Nililia mpaka mlangoni.

Mwaka uliofuata nilichaguliwa, tena kwa pasi zangu (najisifu, niachieni). Siku hizi nafundisha wasichana wadogo palepale Tononoka, na zoezi la kwanza ni hilo: mwenzio akikuita, unaitika abee na mpira uwe umeshaondoka kwako. Uwanja mzima unaitikana, wapita njia wanashangaa, mimi sijali, maana watoto wangu wanacheza vizuri na najua kwa nini.

Jumamosi iliyopita Zainabu alikuja akaingia kucheza nao, mpira ukanifikia mimi, akaniita kutoka ndani ya duara. Nikaitika kabla hajamaliza jina langu.