Tusekile Alipomtazama Mkwewe

Mto Songwe tulikuwa tumeuacha nyuma tangu alfajiri, mimi na mzee mmoja niliyekutana naye kivukoni, na ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa bado umelalia migomba. Nilitoka Karonga kwa miguu, nikielekea Ndandalo, mahali ambapo sikuwahi kufika. Kwetu pwani watu hudhani baridi ni kitu cha Ulaya. Hawajalala katika bonde hili wakati upepo wa mwera, ule wa kusini, unapolichapa ziwa mchana na usiku, ng'ombe wakaingizwa ndani walale na watu, na vikongwe wakafa mmoja baada ya mwingine karibu na majivu ya mafiga yao.

Mzee aliitwa Anyitike. Alikuwa mrefu, kiunoni amevaa pete za shaba, mkononi ameshika mkuki wenye mpini mweusi kwa jasho la miaka mingi. Alikuwa akienda kumzika kaka yake, mmoja wa wale waliochukuliwa na baridi. Tulielewana bila taabu, kwa kuwa Kingonde nilichojifunza Karonga na Kinyakyusa chake ni ndugu wa tumbo moja.

Njia ilipopinda tukamwona mwanamke anakuja, chungu kikubwa kichwani. Alinyanyua macho, na papo hapo akafanya jambo ambalo sijaliona katika nchi yoyote niliyopita. Alijitosa kwenye migomba na chungu chake, akachutama akitupa mgongo, akavuta kaniki yake mpaka ikafunika kichwa chote.

"Usiogope, dada," nilimwambia. "Mimi ni mpita njia tu."

Nilipogeuka, mzee naye alikuwa ameelekeza uso wake upande wa pili, anakaza mwendo kama mtu anayefukuzwa.

"Tumemtisha," nilisema.

"Hatukumtisha. Huyo ni mke wa mwanangu." Akanieleza huku anatembea: mwanamke hamtazami baba wa mumewe, halitaji jina lake, hakai naye chini ya paa moja, maisha yake yote, na wazee wa rika la mkwewe huwakwepa vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo vijana wakishaoa hujenga kijiji chao mbali na kijiji cha baba zao.

"Hata akiwa na mzigo kichwani?"

"Hata akiwa ameshika kaa la moto."

Nyumba niliyopewa kulala ilikuwa ya huyo mwanawe, Andongwisye, na mwanamke wa migombani alikuwa mkewe, Tusekile. Aliponiona mlangoni alishika mbavu kwa kicheko.

"Wewe ndiye uliyeniita dada mbele ya yule?" Mkwewe hakuwa na jina lingine kinywani mwake ila hilo, "yule". "Nilikaribia kuvunja chungu kwa kujizuia nisicheke!"

"Angekivunja ningemrudisha kwao Ikombe," alisema Andongwisye.

"Nirudishe. Utapikia nini? Utapikia kwenye kiganja?"

Tusekile alikuwa Mkisi. Huko Ikombe, kwenye ukingo wa kaskazini wa ziwa, mlima unashuka wima mpaka majini na hakuna mahali pa kupanda hata mgomba, basi wanaume wanavua na wanawake wanafinyanga. Mama yake alimfundisha kwa gunzi: gunzi la kulainishia udongo, na gunzi hilo hilo la kumchapa vidole ukingo ukiwa mnene. Vyungu huchomwa msimu huu wa baridi, nyasi zikiwa kavu, na wanawake huchoma pamoja, kila mmoja akizijua kazi zake kwa alama alizozichora. Kisha hupakiwa mitumbwini, huletwa kwenye masoko ya bondeni, na bei ya chungu ni nafaka inayokijaza. Andongwisye alikwenda sokoni akajaza chungu cha Tusekile mpunga, akalalamika kwamba tumbo la chungu ni kubwa mno. Soko lililofuata akarudi kununua kingine, na kingine, mpaka mama yake akamwuliza kama anataka kulima ndani ya vyungu. Ng'ombe wa mahari wakapelekwa Ikombe, Tusekile akaja Ndandalo.

Hapa aliendelea na kazi yake. Siku anapochoma, kijiji kizima cha vijana huja kuota moto wake, wengine wakileta ndizi za kuchoma pembeni. Kwa maziko haya alikuwa ameombwa vyungu vya pombe.

Kesho yake nilikwenda nao. Watu walikuwa wamejaa kwenye ua wa marehemu, vijiji vizima na ng'ombe wao wa kuchinja. Katikati wanawake walilia wakiwa wameshikana viuno. Kuwazunguka, wanaume walicheza, njuga miguuni, mikuki mikononi. Sikuwahi kuona msiba wa hasira namna ile. Mwanamume alichomoka kwenye kundi, akakimbia, akaruka, akachoma ardhi kana kwamba kifo kimejificha chini yake, akarudi akihema na macho yamemwiva. Nikamwuliza Andongwisye kama watu hawaumizani. Akasema huumizana, lakini msiba usio na damu hata ya pua watu husema marehemu hakupendwa.

Tusekile alikaa ukingoni, nyuma ya chungu chake kikubwa kuliko vyote, kwa sababu mkwewe alikuwa miongoni mwa wachezaji. Kaniki kichwani, chungu mbele.

Kati ya vijana waliotoka vijiji vya jirani alikuwapo mmoja aliyebatizwa Mika, amevaa shati la misheni, na pombe ilikuwa imekwisha mpanda. Anyitike alipochomoka kucheza, Mika alimpigia kelele:

"Tata! Mkuki huo ulikuwa wapi Wajerumani walipopanda milimani? Tulisikia ulisahau njia ya vitani!"

Vijana wakacheka. Mzee aliendelea kucheza. Nduguye mmoja akamshika mkono wa kuume kumrudisha kundini.

"Mpisheni!" alipaza Mika. "Mpisheni babu, anakimbia tena!"

Sikuona mkono uliorusha. Niliona vumbi, na Mika akiinamia shati lake kama mtu aliyemwagikiwa na mchuzi, mkuki umesimama kifuani. Akakaa chini. Kisha akalala.

Yaliyofuata hayakuwa ngoma tena. Watu wa kijiji cha Mika waliingia kwa rungu na mikuki, na wa Ndandalo wakawapokea. Mtu aliyekuwa akinigawia ndizi muda mfupi uliopita alimpasua mwenzake taya kwa mchi wa kutwangia. Nyumba mbili zikawashwa. Nilikanyagwa, nikatambaa juu ya vigae na pombe iliyomwagika, na nilipoinua kichwa niliona wanawake wakiuvuta mwili wa marehemu mzee kwa miguu kuuokoa na moto. Mwera ulizichukua ndimi za moto ukazitupa nyumba hadi nyumba.

Askari wa Wajerumani walifika siku ya pili kutoka kituo cha ufukweni. Waliongozwa na shaushi, yaani sajini, mmoja wa Kisudani, mtu wa maneno machache, na aliponisikia najibu salamu yake kwa Kiarabu akanisimamisha pembeni yake niwe mkalimani. Watu walikusanywa kwenye ua ule ule: wazee upande mmoja, vijana upande mwingine, wanawake nyuma.

"Nani?" aliuliza.

Nikafasiri. Kila mtu alitazama ardhi. Askari wakamvuta mwanamume wa kwanza waliyemkaribia, wakamlaza, wakampiga kiboko mpaka akajikojolea. Shaushi akauliza tena. Wakamvuta wa pili. Huyo alikuwa ameumizwa tayari bega, na mshipi wa kiboko ulipomfikia kidondani alitoa sauti ambayo ilifanya ng'ombe wajibu kutoka zizini.

Andongwisye akatoka kwenye kundi la vijana. "Ni mimi," alisema.

Shaushi alimtazama kwa kuridhika. Alitaka mtu mmoja, na sasa amempata. Amri yake ilikuwa fupi: hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, hapa hapa, kisha boma la milimani, ambako kamba haikosekani.

Walimlaza. Alipopigwa la kwanza nilitazama upande wa wazee. Anyitike alikuwa amesimama wima, kidevu kinamtetemeka, na hakusema neno. Hapo nilielewa, na pengine kila mtu alikuwa ameelewa kabla yangu.

Tusekile alianza kupenya kati ya wanawake. Mama mkwe wake akamdaka mkono.

"Rudi. Mwanangu amechagua."

"Mwanao amechagua, mama. Mimi sijachagua."

"Wewe ni mke tu hapa. Nyamaza!"

Alijikwanyua, akaja mpaka nilipo. "Mwambie aache. Si yeye."

Nikamwambia shaushi. Akainua kidole, kiboko kikasimama hewani. "Nani basi?"

Tusekile alifungua kinywa, jina likakataa kutoka. Nilimwona akijaribu, shingo imemtoka mishipa, kama mtu anayetaka kumeza kitu kilichokwama na kukitema kwa wakati mmoja. Andongwisye, uso wake ukiwa mavumbini, alipiga kelele: "Msimsikilize! Mfukuzeni!"

"Anacheza huyu," alisema shaushi. "Endeleeni."

Kiboko kikashuka. Basi Tusekile akavuka ua. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya wazee, akasimama umbali wa hatua moja na Anyitike, akavua kaniki kichwani, akamtazama machoni.

Mzee mmoja aliguna kana kwamba amepigwa teke. Wanawake waligeuka, wote kwa pamoja, wakaupa ua migongo yao. Hata vijana walifumba macho.

"Anyitike," alisema Tusekile. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini hakuna aliyeikosa. "Anyitike. Mkono wa kulia ulishikwa na ndugu yako, ukarusha kwa wa kushoto. Nilikuwa nyuma ya chungu. Nilikuona."

Mtu aliyesikia kilio cha mwanawe bila kusogea aliweka viganja usoni. Alirudi nyuma, akajikwaa, akatafuta mgongo wa mtu wa kujificha, na wenzake wakasogea mbali naye.

"Mwondoeni," alisema. "Mwondoeni mbele yangu, nitasema. Ni mimi. Mwondoeni tu!"

Shaushi alinigeukia. "Mwanamke amemwambia nini hata mzee analia?"

"Amemwita kwa jina lake, effendi."

"Basi? Hata mimi nina jina."

Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua, kisha akaagiza Anyitike afungwe mnyororo wa shingo. Andongwisye alimaliziwa viboko vyake kwa kosa la kudanganya. Shaushi hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Walipoondoka na mzee kuelekea milimani, hakugeuka nyuma, na hakuna aliyemlilia, maana watu wote walikuwa na kazi ya kutomtazama Tusekile.

Mimi na Tusekile tulimbeba Andongwisye mpaka nyumbani, mimi kwapani, yeye miguuni. Tulipofika, mama mkwe alikuwa amekwisha tangulia. Alikuwa na mchi mkononi na alikuwa akivunja vyungu vilivyosubiri kuchomwa, kimoja kimoja, bila haraka. Tusekile alisimama akatazama. Kilichobaki ni kile cha kupikia kilichokuwa ndani, jikoni.

"Usiku usikukute hapa," alisema mama mkwe, akitazama migomba. "Ng'ombe wetu watarudi. Wanaume wa kijiji cha wazee wanatafuta mahali pa kukuzika."

Haikuwa tisho la mdomoni. Tangu tulipokuwa njiani mawe yalikuwa yakitufuata, na moja lilikuwa limempasua Tusekile kisigino.

Ndani, Andongwisye alilala kifudifudi. Mgongo wake ulikuwa umefunguka.

"Ungeniacha," alisema.

"Ungekufa."

"Ningekufa nikiwa mtoto wa baba yangu."

"Na mimi ningekaa hapa kila siku nakimbilia migombani ili yule apite, na mifupa yako iko milimani?"

Andongwisye alikwaruza sakafu kwa kucha. Upepo ulikuwa ukigonga mlango wa matete.

"Nenda," alisema mwishowe. "Nenda kabla sijakuomba ubaki. Nikikuomba utabaki, na watakuua."

Tusekile alimshika kisogo, akakaa hivyo. Kisha akafunga kaniki yake, akachukua gunzi lake kutoka dirishani, basi. Kaka yake Enoki alikuwa ameleta samaki kwa ajili ya maziko, na mtumbwi wake ulikuwa bado ufukweni ukingoja ziwa litulie. Halikuwa limetulia. Wangekwenda hivyo hivyo, kwa kukumbatia miamba.

Nilitoka naye mpaka uani. Nilikuwa na mzigo wangu begani; nilidhani nitamsindikiza ziwani, kisha nishike njia yangu.

"Ulisema wewe ni mpita njia," aliniambia.

"Ndiyo."

"Basi leo usipite. Ndugu za mume wangu hawataingia nyumba niliyolala mimi mpaka siku zipite. Hakuna wa kumwosha mgongo. Chungu kipo mafigani. Usikiwekee moto mkali mara moja, kitapasuka."

"Ndaga fijo," nilisema, kwa kuwa sikujua la kusema, na hiyo ndiyo shukrani ya kwao.

"Unashukuru kwa nini? Ni kazi hiyo."

Akaenda, akichechemea kwa kile kisigino. Mbele kidogo, wazee watatu wa rika la Anyitike walikuwa wakija kwa njia ile ile. Tusekile alipowaona, mwili wake ulifanya ulichozoea: akaingia migombani, akachutama, akajifunika, akawapa mgongo. Wazee walipita huku wamekaza macho mbele. Mmoja akatema mate. Walipokwisha pita, Tusekile alisimama, akakung'uta majani makavu, akarudi njiani, akaendelea kwenda upande wa ziwa mpaka migomba ikamfunika.

Niliweka mzigo wangu chini, nikaingia ndani. Nikachutama mbele ya mafiga, nikaanza kupuliza moto, polepole kama nilivyoagizwa.