Chura wa Kona ya Tisa

Saa tatu asubuhi, na jua la Aprili limeshapanda juu ya kilima cha Kuromori. Chiharu Osanai anashusha koleo la greda lake la theluji, anamega kidogo, anarudi nyuma. Kulia na kushoto ukuta mweupe wa mita saba. Zimebaki mita arobaini tu ili barabara hii ya mlimani, iliyofungwa tangu Novemba, ipitike.

"Ukiwa na pupa hapa umeumia," anasema bila kuondoa macho kwenye kioo. "Chini kuna vibao, kuna mawe, kuna kila kitu. Theluji haikwambii."

Chiharu ana miaka arobaini na minne. Kiangazi na vuli yuko kwenye mashamba ya matufaha. Baridi ikiingia anapanda greda. Ni mwanamke pekee kati ya madereva ishirini na watatu wa wilaya. Mwaka huu amefanya kazi siku arobaini na moja mfululizo.

"Mgongo ulikuwa unalia kama mlango wa stoo," anasema, akicheka.

Njia hii aliirithi kwa ubishi. Baba yake, mzee Tomezo, aliisafisha miaka thelathini na moja. Alipostaafu na binti yake akaomba nafasi, mzee alisema mbele ya watu kwamba mwanamke hatamaliza hata wiki. Tangu hapo imepita misimu saba, na kauli hiyo hajaifuta.

Jumamosi ya kufungua barabara, familia za madereva hupita kwanza, kabla ya watalii. Kila mwaka Chiharu humwalika baba yake, na kila mwaka goti la mzee huanza kuuma Ijumaa jioni.

"Sitaki anisifu," Chiharu ananiambia. "Nataka apite aone. Basi."

Jumamosi ya mwaka huu mzee alitoka ndani na mabuti yake miguuni, akakaa kiti cha mbele kabla hajaulizwa.

"Nakwenda kwa ajili ya supu ya mahindi," alisema.

Mume wa Chiharu, Noritoshi, alikaa nyuma na matonge ya wali mapajani, pembeni yake binti yao wa miaka kumi na miwili, Wakana. Walisimama kwenye choo chenye umbo la tufaha, ambako Wakana hapiti bila kupiga picha. Walisimama kwenye chumba cha maonyesho ya miavuli iliyosahaulika kwenye treni, mia nne na ushee, na mzee akadai mmoja ni wake. Walisimama kwenye mashine ya kuuza supu ya mahindi ya kopo, iliyo peke yake katikati ya msitu. Mzee alikunywa makopo mawili na hakusema turudi.

Kona ya tisa kuna chura.

Ni wa saruji, kimo cha kifua cha mtu, amevaa kofia. Alijengwa na marehemu mume wa Mama Fukushi, mwenye mgahawa wa hapo, ili wapita njia wasimame. Baadaye barabara ikapanuliwa, na sasa vidole vyake karibu vinagusa lami. Kipande hiki cha chini hakifungwi wakati wa baridi, ila Januari chura hufunikwa mzima, na dereva hana budi kubahatisha alipo. Ndiyo maana amejaa viraka, kila kimoja mahali koleo lilipomgonga.

"Pua ni babu," Wakana alihesabu. "Mkono ni babu. Kofia, babu tena."

"Kofia ilikuwa ni tufani," mzee alijibu.

Alimzunguka chura taratibu. Akainama, goti likalia, akafuta maji ya theluji kwenye miguu ya saruji na kupitisha kidole kila mahali. Mama Fukushi alikuwa akimtazama kutoka mlangoni.

"Unatafuta nini, mzee Osanai?"

"Kovu la huyu," alisema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu.

"Utalala hapa. Mimi mwenyewe nimelitafuta miaka saba. Saruji yangu ya kumzibia imegeuka jiwe stoo."

Mzee aliinuka. Kisha akauliza, bila kumtazama Chiharu, "Unajuaje kama umemfikia?"

"Natuliza mashine, nafungua kioo. Kile kijito hakigandi. Nikikisikia kushoto, nainua koleo."

"Kijito," mzee alisema. "Miaka thelathini na moja nilifunga kioo. Baridi."

Akamgeukia Mama Fukushi. "Marehemu alitaka awe wa kijani, sivyo?"

"Alitaka. Nikasema nimpake ya nini, baridi ikija mnamvunja."

"Mpake sasa. Hatagongwa tena."

Chiharu alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Aligeukia mtaroni, akainama kama anayefunga kamba za viatu.

"Mama," Wakana alisema, "mabuti yako hayana kamba."

Chiharu ameshaomba kuongoza kikosi cha mlimani msimu ujao. Jibu litatoka Septemba, na akikubaliwa yeye ndiye atakayetangulia kukata ukuta. Kabla ya hapo, mwezi wa saba, familia itarudi kona ya tisa na rangi ya kijani na brashi nne. Noritoshi amepewa mgongo, Wakana kofia.

"Pua niachieni," anasema mzee Tomezo. "Naijua."