Rangi ya Mabaki

Mimi sina subira, na sijawahi kujisifu kwamba ninayo. Mtu akiniuliza jambo mara tatu, ya nne namgeuzia mgongo. Sasa hebu jaribu kuishi na wifi anayeuliza kutwa kucha, "Tunaenda nyumbani saa ngapi?" huku amekaa kitandani kwake, chumbani kwake, chai yake inapoa mkononi.

Wifi ni mke wa mdogo wangu, fundi rangi. Mtaa mzima wanamwita Fundi. Mkewe peke yake ndiye humwita Madoa, maana tangu ujana wao hajawahi kurudi kutoka kazini bila matone ya rangi mwilini. Hawakujaaliwa watoto. Nilipofiwa na mume wangu nikahamia kwao, nikawakuta wanataniana kama wachumba. Kila jioni yeye anakaa kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, mke anachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, anamsugua viwiko na kumgombeza. "Wewe Madoa, huko ukutani umebakiza kitu kweli, au rangi yote umejipaka mwenyewe?" Maneno yale yale kila siku, na kila siku mwanamume anacheka utadhani ameyasikia leo. Mimi nilikuwa nasonya na kuingia ndani. Kumbe ulikuwa wivu tu.

Kisha ukaja ugonjwa. Ulianza na chumvi kutiwa mara mbili, ukafuata na sufuria kufichwa kwenye kabati la nguo, mwisho daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba ubongo unasinyaa na hakuna dawa ya kuurudisha. La kuvunda halina ubani. Wifi akasahau majirani, akanisahau na mimi. Nikasema haidhuru, mawifi hata wenye akili zao husahauliana. Fundi akaacha kazi ili akae naye. Akawa anaoga asubuhi, anavaa shati safi, anamlisha uji kijiko kwa kijiko.

Asubuhi moja wifi alimtazama, akavuta shuka hadi kidevuni, akasema kwa adabu zote, "Samahani mzee, humu wamelala wanawake."

Mdogo wangu alitoka akasimama uani kama kuku aliyenyeshewa. Nilimfuata.

"Anataka nyumbani, dada," akasema. "Hapa hapajui. Anapotaka ni kule kwenye chumba chetu cha kwanza."

"Chumba cha watu hicho sasa! Utawafukuza?"

"Sitamrudisha kule. Nitakileta hapa."

Makubwa haya, nikasema moyoni. Lakini chumba hicho nilikijua. Walikipanga walipooana, kuta tupu, na fundi rangi mzima hana rangi ya kupaka kwake. Akawa anarudi na mabaki ya kazini kwenye makopo: buluu ya shule, njano ya duka, nyeupe ya zahanati, na nyingine sijui za wapi. Akayakoroga yote kwenye ndoo moja. Ikatoka rangi isiyo na jina, si kijani, si kijivu. Mimi nilipoiona nilicheka mpaka nikakaa chini. Wifi alininunia wiki nzima, akawa anaiita "rangi yetu".

Tulikwenda huko. Siku hizi anakaa mama mmoja mshonaji, alitukaribisha vizuri. Fundi akapiga magoti nyuma ya mlango, akakwangua kwa kisu, rangi ya juu, na ya chini yake, na ya chini yake tena, mpaka akaibandua ile ya kwao, kipande kama ukucha. Akakifunga kwenye leso.

Basi akaanza kuchanganya. Anatia tone la njano, anapaka kwenye boksi, anaanika juani, anarudi kulinganisha na kile kipande. "Rangi mbichi ni mwongo," akaniambia. "Sharti ikauke ndiyo iseme kweli." Alikuwa anaimba. Wifi nikamlaza chumbani kwangu, anauliza nyumbani saa ngapi, namjibu kesho, na kwa mara ya kwanza nilikuwa namjibu nikiamini. Mungu anisamehe, niliamini kabisa.

Siku kuta za chumba chao alichokipaka zilipokauka, Fundi alijisugua hadi kwenye kucha, akanyoa ndevu, akavaa shati jeupe. Akamshika mkewe mkono, wakaingia. Mimi nilibaki mlangoni.

Wifi alisimama. Akaugusa ukuta kwa kiganja, taratibu. "Rangi yetu," akasema.

Moyo ulinilipuka. Mdogo wangu alifumba macho. Wifi akamgeukia, akamtazama toka juu hadi chini, lile shati, ile mikono safi.

"Asante sana mzee kwa kunifikisha," akamwambia. "Sasa nenda, mume wangu akirudi kutoka kazini asije akakukuta humu."

Fundi alitoka. Akavua shati, akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kuosha brashi, kwani angefanya nini? Rangi ikamchuruzika mkononi, ikashuka hadi kwenye kiwiko. Hapo wifi akatokea mlangoni. Akaona ule mkono. Akachukua kitambaa na chupa ya mafuta ya taa kama aliviweka pale jana.

"Wewe Madoa! Huko ukutani umebakiza kitu kweli?" Anasugua, anagombeza. "Leo umechelewa. Nimechoka kukungoja kwa watu, nimechoka, nirudishe."

"Tumefika, mke wangu," akasema, machozi yanamtiririka. "Ndiyo hapa."

"Haya," akajibu, na uso wake ukatulia. Sikuwa nimeuona umetulia tangu aumwe.

Akaendelea kusugua. Doa likaisha. Akakamua kitambaa, akainua macho, akashtuka.

"Mzee, hujamwona mume wangu?"

Sasa ni kila jioni. Fundi anajipaka rangi kiwikoni, anakaa kwenye kigoda, wifi anatoka, wanapata muda wao mpaka doa liishe, kisha anakuwa mgeni tena. Akijipaka doa kubwa zaidi, wifi naye anasugua kwa nguvu zaidi. Ngozi ya kiwiko imekwisha, imebaki nyama, na juu yake yanapita mafuta ya taa. Hasemi hata ah.

Jana nilimlipukia. "Utasuguliwa mpaka mfupa, wewe mtu mzima ovyo! Na kwa faida gani? Atakusahau tu! Acha!"

Aliniangalia, hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Nikiacha, dada," akasema, "mimi nitaishi wapi?"

Nikamshikia kopo la rangi, akachovya kidole. Ndani wifi alikuwa anauliza, sijui anamuuliza nani, tunaenda nyumbani saa ngapi.