Ng'ombe na Mwanawe, Siku Moja

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu husema zinawaka upesi na kuzimika upesi, ila hapo katikati huwa nimeshamuudhi mtu. Wiki ya harusi ya binti yetu niliudhi wengi: wapishi, mwenye maturubai, hata mchungaji. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwepa kumtazama mke wangu. Binti ndiye mtoto wetu pekee, alikuwa anakwenda kuishi Shinyanga mjini, na mama yake alikuwa kila siku anazikunja khanga za mwanawe, anazikunjua, anazikunja tena. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Basi nikajishughulisha na nyama. Kwetu Kharumwa harusi ya ng'ombe mmoja ni kujitangazia njaa, kwa hiyo nilitaka wawili. Ng'ombe wangu wanachungwa kwa kaka kijijini, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nikafanya ujanja wa mfugaji mvivu: nikachagua jike na ndama wake wa mwaka na kidogo. Ukimvuta mama, mtoto anafuata bila kamba. Nilifika nyumbani nikijisifu, ng'ombe wawili kwa kamba moja.

Asubuhi ya harusi akaja mchinjaji. Ni Mwislamu mwenye bucha sokoni, tunamwita shehe kwa utani, na huku kwetu nyama ya shughuli huchinjwa na Mwislamu ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Kisu alikuwa amekinoa kwake na kukificha ndani ya gunia, maana dini yake haitaki mnyama akione kikinolewa.

Ndipo akatoka mpangaji wetu, mswaki mdomoni. Huyu ni fundi wa karasha, ile mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu. Ni Mganda kutoka Mbale, tena Myahudi. Ndiyo, Myahudi, mweusi kama mimi. Babu zake waliishika dini hiyo hukohuko kwao. Amekaa kwangu miaka miwili hajagusa nyama, kwa sababu mchinjaji wa kwao hayupo karibu. Anakula maharage na sato. Kambale hamtaki, eti hana magamba. Tulimtania kwamba anaogopa bei za shehe.

Akawatazama wale ng'ombe. Ndama alikuwa amesimama ubavuni kwa mama yake akitafuna maboksi ya soda.

"Shikamoo, mzee. Huyu ni mwanawe?"

"Marahaba. Ndiye. Kwani?"

"Na wote wanachinjwa leo?"

"Ulitaka wachinjwe Krismasi?"

Akautoa mswaki mdomoni. "Kwetu ni mwiko, mzee. Ng'ombe na mwanawe hawachinjwi siku moja. Hata kwenye Biblia yenu imo, kitabu cha Walawi."

Nikawaka. Nilimwambia mtu asiyekula nyama asinipangie nyama, na kwamba kama anataka kuhubiri, kanisa linafunguliwa saa nne. Binti yangu akatoka ndani, nywele nusu zimesukwa nusu bado, akaitafuta aya kwenye simu na kuisoma kwa sauti. Ilikuwa hivyohivyo. Miaka yote niliyokaa kanisani sikuwahi kuisikia, au niliisikia nikisinzia. Shehe akaliweka gunia chini.

"Mimi nimeshasikia," akasema. "Siwezi kujifanya sijasikia."

"Lakini kwa nini?" nikafoka. "Nyama si nyama?"

"Mungu ametupa ruhusa ya kula nyama," mpangaji akajibu taratibu. "Ruhusa ya kuwa katili hakutupa. Walimu wetu wa zamani walifundisha kwamba uchungu wa mnyama kwa mwanawe ni uleule wa binadamu, maana mapenzi ya mama hayatoki kwenye akili, yanatoka moyoni, na moyo hata ng'ombe anao."

Hasira ikaniishia, nikabaki na aibu. Nilikuwa nimewachagua wawili hao kwa sababu hiyohiyo, kwamba hawaachani. Bahati nzuri shehe alikuwa na maksai wawili nyuma ya bucha. Tukakubaliana achinje hao, naye achukue madume mawili kule kwa kaka. Ng'ombe na mwanawe nikawafunga nyuma ya jiko na pumba zao. Nilimwomba mpangaji radhi mbele za watu, akacheka, akarudi kusukutua.

Na harusi ilinoga! Kanisani kwaya iliimba mpaka spika ikakoroma. Nyumbani pilau ilitosha, nyama ilitosha, na bibi zetu wa Kisukuma walicheza mpaka vijana wakakaa chini. Nilifurahi kwelikweli.

Saa kumi jioni dereva wa wakwe akawasha basi. Mke wangu akanifuata pale penye masufuria, macho makavu.

"Baba, yule wa nyuma ya jiko umemwachia mwanawe leo. Na mimi je?"

Nilikwenda kwa baba wa bwana harusi, mzee asiyecheka ovyo, mimi nisiyejua kuomba. Nikamweleza yote: ng'ombe, ndama, Walawi, mke wangu. Nikamwomba walale.

"Yaani tumchukue kesho?"

"Kesho. Siku moja tu, mkwe."

Aliangalia saa yake, akaliangalia basi. Kisha akamgeukia dereva. "Zima gari. Mama hajamaliza na mtoto wake."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, hata kanisani havikupigwa. Wakwe walilala katika madarasa ya shule ya Jumapili. Bwana harusi alilazwa chumbani kwa mpangaji, akamlalamikia kila aliyepita. Mke wangu na binti yake walijifungia chumbani kwetu, mimi nikatupwa sebuleni, nikasikia wanavyocheka mle ndani.

Asubuhi mke wangu alimshika binti mkono, akampandisha kwenye basi mwenyewe, huku anaimba. "Nenda, ng'wana wane," akamwambia, yaani mwanangu kwa Kisukuma, na sauti yake haikukatika. Aliyelia ni mimi.