Hamira Iliyoharibika Mikononi Mwangu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara hakunionyesha kiti wala meza. Alinipeleka moja kwa moja kwenye friji, akanionyesha mirija miwili ya kioo. "Huu ni wa kazi, huu ni wa akiba," alisema. "Usiiguse yote siku moja."

Ndani mlikuwa na hamira, lakini si ya kuumulia maandazi. Hii tuliilea kwa ajili ya kimeng'enya chake, ambacho huunganisha vipande vya sukari kuwa minyororo mifupi. Tumbo la mtu haliwezi kuisaga minyororo hiyo; hushuka hadi utumbo mpana, ikawa chakula cha bakteria wema. Sisi tuliichanganya kwenye unga wa uji. Mkuu alikuwa ameichambua hamira ile miaka mingi, na ninyi mafundi wa leo mnaopokea mbegu, yaani hamira ya kuanzishia, kwenye pakiti hamtaujua uchovu ule.

Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba aliyeshika pombe ya kienyeji asiingie chumba cha mbegu hadi zipite siku mbili, maana hamira mwitu hung'ang'ania nguo na nywele.

Nilikwisha kuwa fundi mwandamizi tulipomaliza matanga ya shangazi yangu huko kwetu Mkonze. Nyumbani kwetu mabinti ndio hukoroga pombe ya uwele, nami nikakoroga. Asubuhi nilioga, nikajifunga kitambaa kilekile cha kichwani, nikaenda kazini. Nilikuwa na haraka ya kurudi kwa wafiwa. Nikahamisha mbegu ya kazi na ya akiba kwa pamoja kwenye mirija mipya, mirija ya zamani nikaichemsha kuisafisha.

Wiki haikuisha, sahani za kuoteshea hamira zikaota madoa ya kijivu. Kimeng'enya hakikupatikana tena. Mkuu alituita, akauliza nani alishika pombe. Nilinyamaza. Macho yakamwendea Mzee Chedego, mfagizi wetu, kwa kuwa mkewe alikuwa akipika pombe. Alisema hajawahi kuufungua mlango ule. Hakuaminiwa, akaachishwa kazi.

Mkuu alianza upya, akastaafu kabla hajaipata nyingine kama ile. Mimi nilipanda hadi usimamizi, nikaagwa kwa keki na hotuba za kusifu uangalifu wangu. Naona aibu hata kuandika.

Sasa naishi Mkonze, jirani na Mzee Chedego. Kila nikimwamkia shikamoo, huitikia, kisha huniuliza, "Mwanangu, ile hamira ilipona?"

"Ilipona, baba."

Humshukuru Mungu, akaenda zake.