Mgeni Aliyekuja Bila Kurumbiza

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwa Nyanya pale Gede, mgeni alijulikana kabla hajabisha hodi. Habari zake zililetwa na kurumbiza, ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi, aliyeishi kwenye mzambarau nyuma ya jiko. Alipolia asubuhi, Nyanya aliacha alichokuwa akifanya, akatoka na mwiko mkononi, akamwambia kwa adabu kama anayesema na mtu mzima mwenzake:

"Kama ni heri, lia tena. Kama ni shari, shika njia yako."

Kurumbiza akirudia, Nyanya alirudi jikoni akaongeza kibaba cha mchele.

Na wageni walikuja. Leo najua kwamba kurumbiza hulia karibu kila asubuhi, na kwamba nyumba iliyo kando ya barabara ya Malindi haikosi mtu wa kupita kusalimia. Wakati ule sikuwa na akili hizo. Nilikuwa na miaka saba, na mama yangu alikuwa Saudia akifanya kazi za nyumbani kwa watu. Kila kurumbiza alipolia, mimi nilikimbilia kuoga.

Kisha wakaja kunguru. Si wale wetu wenye kifua cheupe, tuliowaona mara mojamoja mashambani, bali hawa wembamba wenye shingo ya kijivu, ambao wazee walisema asili yao ni Bara Hindi na waliletwa huku na watu zamani. Walijaa Mombasa, wakajaa Malindi, wakafuata majaa ya taka mpaka kwetu. Mwanzoni walikuwa wawili juu ya bati la jirani. Baada ya muda hawakuhesabika. Waliiba samaki jikoni, wakabeba vifaranga vya kuku, na makelele yao yalianza kabla ya adhana ya alfajiri.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Nyanya aliwaambia siku moja akiwatupia kifuu cha nazi. "Nyinyi siku ya tatu ishapita zamani, na jembe hamshiki!"

Tulicheka. Lakini asubuhi moja, nikiosha vyombo uani, nikasikia kurumbiza wanapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Kunguru watatu walikuwa mtini. Wawili waliwafukuza kurumbiza, mume na mke, huku na huku, na wa tatu alikuwa ameingiza kichwa ndani ya kiota. Nilirusha kikombe, nikarusha sufuria, nikalia. Kunguru akaruka na kinda mdomoni, kiguu bado kinachezacheza. Hata sikuwahi kufuta machozi akarudi kuchukua la pili.

Nyanya alikuja akasimama karibu nami, akaniwekea mkono kichwani. Siku chache baadaye mzambarau ulikuwa kimya.

"Nyanya, sasa mama atakujaje?"

"Kwa ndege, kama alivyokwenda."

"Lakini ndege hayupo!"

Alinitazama, akaelewa, akashindwa kucheka. Kwangu mimi kurumbiza hakuwa mtoa habari tu. Yeye ndiye aliyewaita wageni. Asipolia, mtu hafiki.

Kwetu mtoto wa kike hapigi mbinja, ni vibaya, huita mabalaa. Mimi nikajifunza. Nilipotumwa kuokota kuni nilijizoesha peke yangu, nikakunja ulimi mpaka ukauma, mpaka nikadhani nimeipata sauti yenyewe ya kurumbiza. Ijumaa moja asubuhi nikajificha nyuma ya jiko, nikapiga.

Kimya. Kisha nikasikia kandambili za Nyanya zikitoka.

"Kama ni heri, lia tena."

Nikapiga tena.

Siku hiyo Nyanya alichinja jogoo, na tulikuwa na majogoo wawili tu. Alipika wali wa nazi, akatandika mkeka mpya. Mimi nilioga, nikavaa nguo ya Idi, nikakaa kizingitini. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Hakuna aliyekuja, hata yule muuza viazi ambaye huja kila siku bila kualikwa. Kunguru walikuwa wamejipanga juu ya bati, wakinusa kuku wetu. Nikaangua kilio.

"Ni mimi, Nyanya. Ni mimi niliyepiga mbinja."

"Najua, mke mwenza," akasema. Ndivyo nyanya zetu wanavyowatania wajukuu wa kike. "Kurumbiza gani ana pengo?"

Kweli, nilikuwa nimeng'oka meno mawili ya mbele, na nusu ya mbinja yangu ilikuwa upepo.

"Sasa mbona umechinja jogoo?"

Alipakua wali kwenye sinia, akanisogezea paja la kuku. "Kula," akasema. "Wali unapoa."

Mama alikuja mwaka uliofuata, siku ambayo hakuna aliyelia ila kunguru. Alitukuta na mihogo ya jana. Nyanya alimkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena, huku akirudia, "Mwanangu amenikuta jiko limezima, mwanangu amenikuta jiko limezima." Mama alicheka, akaketi chini, akaila ile mihogo baridi na chumvi hadi ikaisha.

Siku hizi ninakaa Malindi, na kunguru wako kila paa. Watu wa mambo ya ndege wanasema kunguru hao wamewamaliza ndege wadogo mijini, na mimi sina la kubisha. Nililiona kwa macho yangu. Kurumbiza bado wapo msituni, upande wa Gede. Nimewapeleka wanangu mara mbili kuwasikia.

Nyanya ameshatangulia mbele ya haki. Kwa miaka mingi nilipoisimulia hadithi hii niliisimulia kama ya mtoto anayemngoja mamake na bibi mwema anayemliwaza. Ni baada ya binti yangu mkubwa kwenda chuo, akakaa miezi mitatu bila kurudi, ndipo nilipotambua kwamba yule wa Saudia alikuwa kifungua mimba wa Nyanya. Jogoo yule hakuchinjwa kwa ajili yangu peke yangu. Siku ile, katika nyumba ile, tulikuwa wawili tuliokuwa tukimngoja, na mimi ndiye niliyeruhusiwa kulia.