Binti Aliyefichwa Jua

"Hivi Loreta, wewe ni mgonjwa au mfungwa?"

Jirani yetu Palmira alimuuliza hivyo kiangazi kilichopita, akipita na mganda wa ngano kichwani. Loreta alikuwa dirishani, kitambaa kimemfunika hadi puani.

"Nakalia picha, mama Palmira. Mchoraji hataki niungue jua."

"Picha gani hiyo ya kukaliwa mpaka jikoni kwenu? Mwenzio nimeungua nikawa kama sufuria, na mume ninaye!"

Wanawake wakacheka. Loreta naye akacheka, kisha akafunga dirisha.

Mimi ndiye mama yake wa ubatizo. Hapa kijijini kwetu Anticoli kuwakalia wachoraji wa kigeni kule Roma, yaani kukaa mbele yao wakuchore, si ajabu. Marehemu baba yangu, kwa zile ndevu zake, alikuwa Mtakatifu Yosefu mara nne. Ila Bwana Hollis, Mmarekani, alimchora Loreta kama yule binti wa hadithi za wapagani aliyenyakuliwa na mfalme wa kuzimu. Binti wa kuzimu haonji jua, alisema. Basi wakati wa baridi Loreta alimkalia Roma, na kiangazi aliporudi, baba yake Ersilio alimweka ndani ili asibadilike rangi. Viangazi vitatu. Sisi tulikwenda kuvuna, yeye akabaki na kuku.

Jioni nilimpelekea jibini, tukasali rozari. Siku moja alinishika mikono akanusa viganja vyangu.

"Vinanukia mabua, mama," alisema, na hakuviachia upesi.

Mwaka huu picha ikakamilika, ikanunuliwa na jumba la makumbusho huko Marekani. Loreta alikichana kile kitambaa kikawa matambara ya kufutia vyungu. Nikamshukuru Bikira Maria.

Jumapili iliyopita Padre alibariki miundu, kama kila mwaka kabla ya mavuno, tukaiegemeza kwenye ukuta wa kanisa. Kisha akamsomea Ersilio barua ya mchoraji. Makumbusho wanataka picha ya pili, ikae kando ya ile ya kwanza. Binti yuleyule, ngozi ileile. Viangazi vitatu vingine.

Ersilio akavua kofia. "Umesikia, mwanangu? Utatundikwa mara mbili!"

Loreta hajapata kumbishia baba yake tangu azaliwe. Alikuwa akiitazama ile miundu ukutani.

"Baba," akasema, "nipe mundu mmoja. Kesho nataka kwenda kuvuna."